Mashine Iliyowaka Nikifika Mimi

Vijana wa ufundi, nyie mnaojifunzia kazi kwenye simu, sogeeni niwape kitu ambacho simu haina.

Mimi ndiye Fundi Baridi. Ukifika Kihanga ukataja jina langu la ubatizo, watu watakutazama tu. Sema Fundi Baridi, na hata mtoto anayechunga mbuzi atakupeleka mpaka mlangoni. Shule niliiacha darasa la nne, na mwalimu hakulia. Lakini nyumba ninayolala ina vyumba sita, nimeijenga kwa bisibisi na tesita, na watoto wangu wamesoma mpaka wamefika mahali pa kunisahihisha Kiswahili. Nimestaafu mvi zikiwa bado hazijamaliza kichwa, kwa sababu goti la kulia limekataa ngazi. Ngazi nimewaachia nyie. Mdomo bado ninao.

Najua mnachocheka. Fundi wa viyoyozi Karagwe! Huku ambako asubuhi mtu anatoka na koti kwenda kukata majani ya ng'ombe! Ni kweli, kilichonilisha zaidi ni friji: za soda, za maziwa, za maduka ya dawa. Lakini AC nilizijua Mwanza, kabla wengi wenu hamjazaliwa, na kila aliyeleta AC huku kwetu alinitafuta mimi. Nani mwingine angemtafuta?

Kule Mwanza niliingia kama mfagizi kwenye vyumba vya baridi vya samaki. Fundi mkuu alikuwa Mzee Athumani, mtu mfupi, mkali, aliyependa kuziba jicho moja akifikiri. Siku moja mashine imegoma, samaki wanaanza kunuka, mafundi wawili wamezama ndani yake mpaka mabegani. Mzee Athumani akanigeukia mimi mwenye ufagio.

"Wewe kijana, unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Vizuri. Sasa hicho usichokisikia, kilitakiwa kulia wapi?"

Nikanyoosha kidole kule ambako kila siku palikuwa pakinguruma. Ilikuwa kompresa, moyo wa mashine. Kesho yake akaninyang'anya ufagio, akanipa spana. Mambo mawili aliyonifundisha nimeyashika maisha yangu yote. Moja, sikiliza kabla hujafungua. La pili ni adabu: usifike nyumbani kwa mtu bila kumpigia simu. "Nyumba ya mtu si stendi," alisema. Hili la pili nusura linivunjie jina, kama mtakavyosikia.

Kwanza kazi. Mtu akikwambia AC yake haiwaki, usimwamini na usimbishie. Muulize, haiwaki vipi? Kuna ambayo haiwashi hata taa. Hiyo anzia ukutani: umeme upo? Mara mbili nimepanda pikipiki kupitia matope mpaka kiunoni, kumbe luku ilikuwa imeisha. Breka, ile swichi kubwa ya umeme, imeshuka? Ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena, iache, kuna shoti, tafuta shoti. Kuna ambayo taa inawaka lakini haisikii rimoti. Fungua rimoti, utakuta betri zimehamia kwenye tochi. Halafu kuna ile ambayo ya ndani inapuliza upepo, lakini ya nje, ile kubwa yenye feni, imenyamaza. Hapo subiri dakika tano. Mashine ikizimwa hujipa muda kabla ya kuamsha kompresa. Mwenye haraka anayebonyeza na kubonyeza anaianzishia kungoja upya.

Na kabla ya kuingiza mkono, zima umeme wote. Ukishazima, usijidanganye. Ndani kuna kapasita, kile kikopo kinachoisukuma kompresa ianze. Kinatunza umeme hata ukutani ukiwa umezima. Mimi kilinirusha nikaangukia beseni la dagaa. Mzee Athumani hakuniuliza kama nimeumia. Aliniuliza kama nimejifunza. Harufu ilinikaa wiki nzima, na somo halijatoka mpaka leo.

Nyingine ni ya huku kwetu tu. Mstaafu mmoja wa Chonyonyo alirudi kutoka Dar es Salaam, akajenga, akafunga AC sebuleni kwa sababu alizoea kuiona ukutani. Akanipigia asubuhi na mapema: AC imekufa. Nikamkuta amevaa sweta na kofia ya sufi. Rimoti inasema ishirini na sita. Kipimo changu kinasema chumba kiko kumi na tisa.

"Mzee, umeiambia ipoze mpaka ifike ishirini na sita. Tayari tuko kumi na tisa. Ianze kazi gani?"

"Kwa hiyo haijafa?"

"Haijafa, mzee. Inakuona na sweta, inakuhurumia."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilirudi na mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki, nikamsimulia kila niliyekutana naye njiani. Ndivyo nilivyokuwa. Nikitengeneza kitu, mpaka jioni wilaya mbili zina habari.

Sasa nije kwa Mama Editha.

Mama Editha ni mjane wa Songambele, kule Kyerwa, mama mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Ana watoto wawili. Editha, mkubwa, yuko Dar es Salaam, ameolewa, ana kazi. Mdogo ni Projestus. Huyu alikuwa utingo wa lori mpaka siku lori lilipopinduka na petroli ikashika moto. Alipona, Mungu mkubwa, lakini kifua, mgongo, shingo na mikono vyote ni kovu. Na kovu, vijana, halitoi jasho. Mimi sikulijua hilo mpaka aliponieleza mwenyewe. Joto likiingia mwilini mwake halina mlango wa kutokea. Saa sita mchana, chini ya bati, kichwa kinamgonga, macho yanaingia giza, anaanguka. Daktari alisema mchana akae mahali pa baridi. Editha akanunua AC, ikafungwa kwenye chumba cha Projestus, na humo humo akaweka cherehani. Alijifunza kushona baada ya ajali. Sare za shule za vijiji vitatu zilitoka kwenye chumba kile.

Siku AC ilipogoma waliniita. Ilikuwa mwishoni mwa msimu wa kahawa, mvua zimeshaanza: asubuhi manyunyu, mchana jua kali, jioni manyunyu tena. Nikapiga simu kama nilivyofundishwa. "Mama, natoka Kihanga sasa hivi." Nikafika. Uwanja umefagiwa, mistari ya ufagio bado mipya. Chai tayari, na kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mgeni wetu. Kaa kwanza."

"Nikikaa goti litaganda. Mgonjwa yuko wapi?"

Projestus alikuwa kwenye kiti, kitambaa cha maji shingoni. "Shikamoo, fundi. Wagonjwa tuko wawili. Leo zamu ni ya hiyo ya ukutani. Ikizidiwa hiyo, zamu inayofuata ni yangu."

"Inafanyaje?"

"Inawaka vizuri. Baada ya muda, nje kunanyamaza. Nikiizima na kuiwasha tena, ya ndani inapuliza upepo wa moto tu, ya nje haianzi."

Nikachukua rimoti, nikabonyeza. Nje ikanguruma, ikatulia kwenye mlio wake mzuri. Baridi ikaanza kushuka. Mama akapiga makofi.

"Ee! Imekuona tu!"

"Labda inamwogopa," akasema Projestus.

Ningekuwa na akili ningeuliza. Mashine imegoma tangu jana, mimi sijagusa hata skrubu, imewakaje? Lakini nilikuwa na sifa badala ya akili. Nikaosha chujio la ndani, nikakaza nyaya mbili zilizokuwa zimekazika, nikasema, "Chujio lilikuwa linaibana. Kwisha habari." Nikala ndizi na maharage, nikaondoka nikipiga mluzi.

Baada ya siku mbili, simu. Imegoma tena, Projestus ameanguka, sindano ya cherehani imempita kidole. Nikajibu, "Nakuja, mama." Nikafika, uwanja umefagiwa, chai iko mezani. Nikabonyeza, ikawaka.

Safari hii nilifungua ya nje. Nikapima gesi: ipo. Nikapima kapasita, na tesita ikaniambia wazi kwamba ni nzima. Niliisikia, vijana, naapa niliisikia. Lakini fundi mkubwa hawezi kuvuka wilaya akaondoka bila kubadilisha kitu. Nikaing'oa ile nzima, nikaweka mpya, nikainyanyua ya zamani mbele yao kama niliyeshika jino bovu.

"Mnaiona hii? Hii ndiyo ilikuwa inawatesa. Sasa hadi wajukuu."

Mama Editha akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mungu akupe maisha marefu, mwanangu." Neno hilo lilinifuata baadaye kama nzi.

Jumatano jioni akanipigia mtu nisiyemjua.

"Shikamoo, fundi. Mimi ni Editha, dada yake Projestus."

"Marahaba, mama. Habari za huko?"

"Za huko ni njema. Za nyumbani ndizo mbaya. Haikuwaka tena leo. Ameanguka saa saba, mama amempepea na ungo mpaka jua likashuka. Sina ugomvi na wewe, fundi. Najua umehangaika. Ila Jumamosi nakuja na gari, namchukua aje akae nami huku. Kwangu AC zinawaka."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Hataki. Anasema pale ni fundi cherehani, akija huku atakuwa mzigo wa kulazwa kitandani. Anasema na mama atabaki na nani? Lakini nifanyeje? Nisubiri afe ndipo nije na gari?"

Simu ilipokatika nilikaa kitandani nikamwona mama yule na kibanja chake, nyumba imenyamaza, cherehani imefunikwa kitambaa. Nikajua kwamba kama Projestus ataondoka Jumamosi, ni mimi nitakayekuwa nimempakia kwenye gari.

Alhamisi nikawasha pikipiki, sikupiga simu. Sitaki kujisifu kwa kisicho changu: haukuwa ujanja. Niliona aibu kusikia sauti ya mama yule akinishukuru tena.

Nilifika kama saa sita. Uwanja haujafagiwa. Mikeka na magunia kila mahali, majembe yameegemea ukuta. Nikazunguka nyuma ya nyumba ilipo mashine ya nje. Jamani. Sikuiona! Niliona kichanja cha miti, kimejaa kahawa, kimeegemezwa kwenye uso wa feni kama mlango. Juu yake na pembeni magunia yameziba kila upenyo, na yamefungwa kwa kamba za mgomba, vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Mashine imevikwa kama mgonjwa wa malaria.

Mama Editha akatokea jikoni, akaniona, akashika kichwa, akamwita mama yake kwa kilugha.

"Mawe! Fundi! Mbona hukupiga simu? Unanikuta nyumba iko hivi!" Na palepale akaanza kufungua kamba, akiharakisha, akitaka kuondoa kahawa kabla sijaiona vizuri.

"Mama, usiguse. Tafadhali."

"Acha niondoe, mwanangu, ni aibu. Kila ukija naondoa, nafagia, ndipo mgeni apite."

Kila ukija naondoa.

Nilikaa chini kwenye jiwe, goti au si goti.

"Mama, hii kahawa umeiweka hapa tangu lini?"

"Tangu mvua zianze. Jua halitoshi, inaota ukungu. Nikaona mashine hii inatoa upepo wa moto, unaenda bure kwenye migomba. Nikasema, huu si ndio mkaushio? Nikafunika na gunia ili joto lisitoroke." Akaongeza taratibu, kama anayejitetea, "Kahawa hii ndiyo inayonunua umeme wa hiyo hiyo mashine."

Nikapitisha mkono chini ya gunia. Chuma kilikuwa cha kuunguza. Ndani nikasikia Projestus akiita, "Mama, imezima tena!"

Hebu eleweni hapa, maana ndiyo kazi yenyewe. AC haitengenezi baridi. Inachota joto chumbani na kulimwaga nje. Ukiiziba pale inapomwagia, joto linarudi, inalimeza tena, kompresa inachemka. Ndani yake kuna kidude kinachokata umeme ili isiungue, na hakirudishi mpaka ipoe. Mimi nilikuwa napiga simu, mama anaondoa kahawa na kufagia kwa ajili ya heshima yangu. Kutoka Kihanga mpaka nifike, mashine imepoa. Nikibonyeza inawaka. Mara mbili nimemtibu mgonjwa aliyekwisha kupona mimi nikiwa njiani.

Tukaondoa magunia, tukaondoa kichanja. Sikugusa bisibisi. Tulikaa karibu saa nzima, mama akimpepea Projestus kwa ungo, mimi nikilowesha kitambaa na kumwekea shingoni. Halafu nikampa Projestus rimoti.

"Bonyeza wewe. Isije ikasemwa inaniogopa mimi."

Akabonyeza. Nje ikanguruma.

Mama Editha hakupiga makofi safari hii. Alitazama kahawa, akatazama mashine, nikaona anaelewa bila kuambiwa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekuwa nikimziba mwanangu pumzi."

Vijana, hapo hakuna spana. Nilimtazama Projestus, Projestus akanitazama.

"Mama," nikasema, "wewe ulikuwa unakausha kahawa. Mimi ndiye fundi. Nilikuja mara mbili, nikakaza nyaya zilizokazwa, nikabadilisha kapasita nzima, nikakwambia hadi wajukuu. Ile kapasita haikuwa na kosa lolote. Tesita iliniambia, nikaipuuza."

Projestus, maji ya kitambaa yakimchuruzika shingoni, akasema, "Kumbe yule aliyenyanyuliwa kama jino bovu alikuwa hana hatia?"

"Hana hatia."

"Masikini kapasita."

Mama akaanza kucheka huku analia, na mimi nikacheka, nikajisikia mwepesi kuliko siku yoyote niliyosifiwa.

Kahawa hatukuifukuza. Tulichimbia nguzo nne, tukajenga kichanja hatua nne mbele ya mashine, wazi pande zote, upepo ukifika pale umeshapungua nguvu lakini bado mkavu. Mbele ya mashine nikapanga mstari wa mawe. "Mama, kutoka hapa mpaka ukutani ni pua yake. Hata kuku asilale." Ijumaa nikaenda tena, bila simu. Mama akanikuta nimesimama nyuma ya nyumba nikisikiliza, akasema, "Wewe sasa umekuwa mwizi," lakini alikuwa anatabasamu. Mashine ilifanya kazi tangu saa nne mpaka saa kumi bila kupumzika.

Jumamosi Editha aliniomba niwepo. Gari likaingia jua la saa saba likiwa kali kama pasi. Kiti cha nyuma amekitandika godoro, na mto, na shuka jipya. Akashuka, akamsalimia mama, akanipa shikamoo ya haraka, akaelekea moja kwa moja chumbani. Mlangoni akasimama. Ndani kulikuwa na milio miwili: ile ya ukutani, na cherehani ikikimbia kwenye mshono mrefu. Projestus hakuinua kichwa, alikuwa kwenye kona ngumu ya kola.

Editha akaenda nyuma yake, akamwekea kiganja shingoni, kwenye kovu. Akakiacha pale.

"Dada, toa mkono," akasema Projestus. "Una joto."

Editha akageukia ukuta asituonyeshe uso. Alikaa kwenye kile chumba mpaka jua likapungua, akihesabu vifungo na kumchokoza mdogo wake kwamba mishono yake imepinda. Haikuwa imepinda.

Alipoondoka Jumapili, mama alilaza mkungu wa ndizi juu ya lile godoro, akaweka na mfuko wa kahawa iliyokauka vizuri kwenye mto. Editha akavuta mkanda, akaufunga mkungu kama mtu.

"Nilikuja kuchukua mgonjwa," akasema, "narudi na huyu. Afadhali huyu hanung'uniki."

Mimi bado ni Fundi Baridi, nani atabisha? Simu kwa mteja niliendelea kuipiga mpaka nilipostaafu, maana adabu ni adabu. Ila tangu mwaka ule, mashine ikiwaka mara tu ninapofika na watu wakaanza kupiga makofi, nilikuwa naweka begi chini bila kulifungua, nawauliza kwanza: kabla sijafika, mmeondoa nini?